Koti la Marehemu Zakaria

Mjimwema, Njombe

Mwanangu Twilumba,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa salamu na kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili, sanduku lako limefungwa kamba, na umeninunia tangu siku tuliyomzika Zakaria. Salamu nimekupa leo zaidi ya mara moja na hukuitikia, kwa hiyo nazo nazipita.

Sitakuambia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji ya Dar es Salaam, wala za wanaume wa huko. Mama yako amekwisha kukufundisha hayo yote, na mengine ameyarudia mpaka mbuzi wameyajua. Mimi nataka kulijibu neno ulilolisema leo jikoni. Ulisema, "Baba asipokwenda kumwomba radhi mama Rehema, kesho asije Makambako kunisindikiza." Hukuniambia mimi, uliiambia sufuria. Lakini nilisikia.

Siombi radhi, hata kwa mjane wa Zakaria. Naliandika neno hili kwa sababu sauti yangu unaijua, nikikasirika hukatika katikati, na habari za Zakaria siwezi kuzisema bila kukasirika. Nitaipitisha karatasi hii chini ya mlango wako. Isome kabla hujapanda basi.

Wewe ulimjua Zakaria mgonjwa, mzee mpole mwenye leso nyeupe, aliyekaa kibarazani kwake Makambako akikufundisha kusoma mistari ya michezo ya redio. Mimi nilimjua akiwa kijana. Tulikuwa shule moja ya bweni, tulikaa dawati moja, tulikula viazi katika bakuli moja. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mchezaji wa jukwaani kwao Ulaya, na si mchezaji wa kubahatisha. Alikuwa ameisomea kazi ile miaka, hadi vita vikamharibu mguu akaja kuwa mwalimu huku kwetu kwenye baridi. Sisi tulimwita Bwana Pumzi. Kila asubuhi alitulaza chali kwenye majani yenye umande, kila mmoja na jiwe juu ya tumbo, tukawa tunalipandisha na kulishusha kwa pumzi huku tukisema mistari ya michezo ya Wayunani na Warumi wa kale. Mistari hiyo aliigeuza Kiswahili mwenyewe, Kiswahili cha kugongana kidogo, lakini tuliikariri yote. Mpaka leo naweza kuisema, ila sauti ndiyo hakuna.

Zakaria alikuwa na sura ya mfalme. Mrefu, shingo imenyooka, macho ya kutazamwa. Bwana Pumzi akampa wafalme wote na mashujaa wote. Mimi aliponiangalia alicheka, akasema, "Wewe huna sura ya mfalme. Una sura ya watu wengine wote." Nilidhani amenitukana. Akaanza kunipeleka sokoni Jumamosi, akaniamuru nichague mtu mmoja, nimtazame, kisha nirudi shuleni nikiwa yeye. Nilirudi nikiwa mwuza kuku. Nilirudi nikiwa mama mkwe aliyekasirishwa. Nilirudi nikiwa mlevi wa ulanzi anayejitahidi kutembea kama mtu ambaye hajanywa, na hiyo, mwanangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kila mara aliniuliza swali moja tu: "Huyu ana haki wapi?" Nikisema ni mwizi tu, hana haki popote, alinirudisha sokoni. "Usimcheze mtu mpaka umejua wapi ana haki," alisema. "Hata kama unamchukia. Hasa kama unamchukia."

Neno hilo ulikumbuke, nitakuja kulihitaji mbele.

Tulipomaliza shule, Zakaria akaunda kikundi chetu. Alikuwa hodari wa kupanga mambo, hilo simnyimi. Alipata lori la mfanyabiashara mmoja, akapata maghala ya ngano ya kuchezea, akapata mapazia. Tulizunguka nyanda zote hizi za juu. Tulicheza Yakobi, tulicheza Makambako, tulipanda mpaka Ipelele ambako ukungu uliingia ghalani na watu wakatutazama wamejifunika mablanketi hadi machoni. Zakaria alicheza shujaa katika kila mchezo. Mimi nilicheza waliobaki, na katika mchezo mmoja nilicheza wanne, nikibadili kofia nyuma ya pazia.

Katika hao waliobaki nikamzaa Mzee Ugoro. Nasema nikamzaa kwa sababu hakuwako. Alikuwa mzee aliyewahi kubeba mizigo ya Wajerumani vitani, masikio yamekufa nusu, ambaye ukimuuliza jambo lolote anakuuliza kama una ugoro. Mkono wake niliuchukua kwa mzee mmoja wa Yakobi. Mwendo niliuchukua kwa Mkinga mmoja wa Ipelele aliyezoea kupanda mlima hata akiwa kwenye tambarare. Alikohoa kila alipotaka kusema uongo. Na alikuwa na chafya. Alivuta ugoro, akainua uso, akafungua mdomo, watu wakangoja, na chafya haikuja. Mchezo mzima watu wanaingoja chafya ile. Watoto wa Njombe walikuwa wakinifuata njiani wakiniambia, "Mzee, piga chafya basi."

Ilivuma mpaka ikafika kwa wakubwa. Bwana mmoja wa ustawi wa jamii akatuma habari kwamba atapita Makambako kututazama, na kwamba kati yetu atachukua mmoja, ampeleke akasomee kazi ya jukwaa nje ya nchi, kisha arudi kuongoza michezo ya Tanganyika nzima. Wote katika kikundi tulijua atakayechukuliwa. Hata dereva wa lori alijua. Alianza kuniita bwana mkubwa.

Sasa hapa nikukumbushe jambo ambalo ninyi vijana mnaliona la kuchekesha tu. Mimi ni Mngoni, na hii ni nchi ya Wabena. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani humwambia mtani wake lolote, humwigiza atakavyo, humpokonya hata kofia, na mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika ndiye anayetozwa. Kwa hiyo niliweza kumwigiza Mbena yeyote, hata jumbe mwenyewe, na wala sikuwahi kumwogopa mtu. Jumbe wetu wa wakati ule alikuwa mzee mpenda ugoro. Alipokuja kutazama mchezo alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Baadaye aliniita akanipa kibuyu cha ulanzi, akasema, "Wewe Mngoni mbaya, umeniibia pua yangu." Tukacheka pamoja.

Siku moja kabla ya yule bwana wa ustawi kufika, Zakaria alikwenda kwa jumbe. Alipiga magoti kibarazani, akamsalimu kwa Kibena kama mtoto wa nyumbani, "Kamwene, baba." Kisha akamwambia maneno haya. Nayajua neno kwa neno, kwa sababu tarishi wa jumbe alikuwa amesimama mlangoni, naye aliniambia.

Alisema, "Baba, utani ni wa nyumbani. Tukichekana sisi kwa sisi hakuna neno. Lakini kesho yule Mngoni atakuigiza mbele ya Wazungu. Wazungu hawajui utani. Wataona jumbe mpumbavu, kiziwi, anayekohoa akisema uongo, na watauliza kwa nini mtu kama huyu anashika nchi. Huo si utani tena, baba. Huo ni ushitaki."

Umeona akili ile? Hakusema uongo hata neno moja. Alichukua desturi iliyokuwa inanilinda akaigeuza shingo. Jumbe aliyecheka na mimi akaanza kutetemeka kwa ajili ya kiti chake. Jioni ile ile walinikamata nikiwa najipaka uso majivu ya Mzee Ugoro kwa mazoezi ya mwisho. Barazani nikashitakiwa kwa kumdharau jumbe wa serikali, nikapewa miezi sita ya kuvunja mawe ya barabara.

Barabara yenyewe ni hiyo utakayopita kesho. Ukitoka Njombe, baada ya mteremko wa kwanza wenye miti ya miwati pande zote mbili, mawe ya upande wa kushoto ni yangu. Nilivunja kuanzia mwisho wa mvua mpaka kipupwe chote, asubuhi umande ukiwa barafu juu ya majani na mchana vumbi likiingia kifuani. Nilipotoka nilikuwa nakohoa damu kidogo, na sauti aliyonijengea Bwana Pumzi kwa jiwe juu ya tumbo ilikuwa imekwisha. Imebaki hii unayoijua, ya mlango usiotiwa mafuta.

Na Zakaria? Zakaria alicheza badala yangu. Bwana wa ustawi alipofika ukumbini, jumbe akiwa amebaki kwake, shujaa aliweka upanga chini, akavaa majivu yangu, akashika fimbo yangu, akawa Mzee Ugoro. Alinakili kila kitu, mkono, mwendo, kikohozi, mpaka chafya. Akachukuliwa yeye. Miaka ikapita, redio zikaja, na siku moja nilikuwa Makambako mbele ya duka la Mhindi mmoja, nimebeba magome ya miwati, nikasikia watu wanaangua kicheko. Nikasogea. Ndani ya redio alikuwemo mzee wangu. Anaulizwa habari za kodi, naye anauliza kama kuna ugoro. Mama mmoja akanigeukia na machozi ya kicheko, akaniambia, "Baba, njoo usikie, huyu mtu Mungu amempa kipaji." Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaikosea chafya. Alikuwa anaivuta haraka mno.

Mama yako huniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mchungaji naye huniambia nisamehe saba mara sabini. Nawapenda wote wawili, lakini mtenda husahau, mtendewa hasahau. Nimemchukia Zakaria nikilima, nimemchukia nikipanda ngano, nimemchukia kanisani nikiimba. Kuna watu hupoteza nguvu kwa kuchukia. Mimi chuki ndiyo iliyonitoa kitandani.

Lakini usidhani niliacha kazi yangu. Watu wa hapa Njombe husema niliacha jukwaa nilipokosa sauti, nao ndio hao hao wanaotuma mtu kuniita kila wakifiwa. Mbena akifa, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko vya msiba. Hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chake. Huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama marehemu, huwagombeza wafiwa kama marehemu alivyowagombeza, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka. Watani wengine hufanya kwa kelele tu. Mimi nilifanya kwa mafunzo. Nilifika msibani mapema, nikaketi na wazee nikauliza, marehemu alishikaje jembe, aliketi upande gani wa moto, alipokasirika mkono ulikwenda wapi. Nimemfufua mwalimu wa Yakobi mpaka mkewe akanyoosha mkono kunishika. Nimewacheza wakulima, wachungaji, wapika pombe, na bibi mmoja aliyekufa akidai kuku wake. Maneno nilitumia machache, mengine yote ni mwili. Huo ndio ukumbi wangu kwa miaka hii yote, Twilumba, na sijawahi kucheza ukumbi mtupu.

Kila nilipomcheza marehemu wa watu, nilikuwa najifunza kumcheza mmoja tu. Zakaria alikuwa Mbena wa Makambako, na mimi ni mtani wake. Nilijua siku moja watanipa koti lake.

Aliporudi kutoka Dar es Salaam na ugonjwa wake wa moyo, wewe ulikuwa unakaa kwa shangazi yako Makambako ukifundisha shule. Ulianza kwenda kwake ukanificha. Nilijua mapema, na sikukukataza. Ulidhani nimelainika. Nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuvuta pumzi ukiwa mdogo, hapa uani, na jiwe juu ya tumbo. Nilijua atakapokusikia ukisema mstari wa kwanza atamsikia Bwana Pumzi, na baada yake atanisikia mimi. Nilitaka anisikie kila Jumamosi kibarazani kwake mpaka afe.

Nadhani alinisikia. Ndiye aliyekuandikia barua ya kukutafutia nafasi katika michezo ya redio. Na ulikuja na salamu zake: "Baba, mzee Zakaria anasema ana neno la kukuambia, njoo kabla mvua hazijaharibu njia." Nilikujibu nitaona. Mvua zikaja, zikapita, njia ikakauka, na sikwenda. Neno lake nililijua. Alitaka kuomba radhi apate kufa vizuri, na mimi sikutaka afe vizuri.

Basi akafa, wakaniita.

Mama Rehema hakujua lolote. Zakaria hakuwahi kumwambia mkewe. Alinipa koti kwa mikono yake miwili, lile la kijivu la Dar es Salaam, akasema kwa Kiswahili chake cha heshima, "Mtani, tuchekeshe kidogo, siku tatu sijameza kitu." Nikalivaa. Nikaanza taratibu. Nikamcheza anavyoshuka kwenye basi akifuta vumbi la viatu, watu wakacheka. Nikamcheza anavyokunja leso mara nne kabla ya kuitia mfukoni, mama Rehema akacheka, akajifunika uso. Nikamcheza akimsahihisha muuza mandazi matamshi. Wewe mwenyewe ulicheka, nilikuona. Nilikuwa nimewashika wote.

Ndipo nikamfanya kijana. Nikanyoosha shingo, nikatembea mpaka mbele ya wazee, nikapiga magoti, nikasema kwa sauti hii niliyobaki nayo, "Kamwene, baba. Utani ni wa nyumbani." Nikayasema yote. Wazee waliokuwako wakati ule walielewa kabla sijafika katikati. Mmoja akainamisha kichwa. Wengine wakawaeleza wengine kwa kunong'ona, na nilikuwa naona habari ikitembea kutoka benchi hadi benchi mpaka ikamfikia mama Rehema. Aliacha kucheka. Akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku wa mtani kama desturi inavyotaka, akaniletea kwa mikono miwili, akapiga goti. Hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Hakuna aliyekuwa nayo. Zakaria aliuvunja utani ili anipate, nami nikampata ndani ya utani, mchana kweupe, mbele ya jeneza lake.

Nilikuona ukiondoka. Hiyo ilinichoma, lakini kama nilivyosema, siombi radhi. Ungeniambia nirudi tena siku ile nisifanye, ningelivaa koti lile tena.

Sasa nitakuambia jambo ambalo limenikosesha raha, na halihusiani na wema. Linahusu kazi.

Nilicheza vibaya.

Hakuna aliyeona ila mimi. Yule tarishi aliponisimulia, hakunisimulia magoti tu. Alisema Zakaria alifika mlangoni kwa jumbe akasimama muda mrefu, akageuka akaondoka, akafika mpaka kwenye mikaratusi, akarudi. Alisema baada ya jumbe kuamuru nikamatwe, Zakaria alimshika miguu akasema, "Lakini wasimpige, baba. Wasimguse kifua. Ile sauti haina nyingine." Kisha akalia, na tarishi akamtoa nje kwa sababu jumbe alichoshwa na kilio chake. Hayo nilikuwa nayo miaka yote. Nilipopiga magoti ndani ya koti lile mwili wangu uliyataka. Miguu ilitaka kugeuka iende kwenye mikaratusi. Niliizuia. Niliwaonyesha Zakaria asiyesita wala kulia, nyoka mtupu, na watu wakaniamini kwa sababu watu huamini nyoka upesi.

Na kuna lingine. Ukiniuliza swali la Bwana Pumzi, Zakaria ana haki wapi, jibu ninalo, na ni la aibu. Katika kila mchezo Zakaria alikuwa na hotuba moja kubwa, karibu na mwisho. Alikuwa anaifanyia mazoezi peke yake mtoni. Na mimi, kila usiku, kila ghala, alipofika katikati ya hotuba ile, nilikuwa nainua uso kule pembeni na kufungua mdomo kama chafya inakuja. Watu wote waliniangalia mimi. Hakuna hata mtu mmoja katika nyanda hizi za juu aliyewahi kuisikia hotuba ya Zakaria mpaka mwisho. Aliniomba niache. Aliniomba kwa upole, mara ya kwanza tukiwa Ipelele, akaniomba tena na tena. Nilimwambia, "Ukicheza vizuri watakutazama wewe." Nilifurahia kusema hivyo.

Hayo hayapunguzi mawe niliyovunja. Mtu haharibiwi kifua kwa sababu ya chafya. Lakini mchezaji aliyefundishwa na Bwana Pumzi akimcheza mtu nusu amefanya uongo, na mimi uongo huo nimeufanya katika mchezo niliousubiri maisha yangu yote. Ndiyo maana sijalala vizuri. Wewe na mama yako mmedhani ni majuto.

Kesho ni siku ya kuanua matanga kwa Zakaria. Unajua, kwa sababu umepanga kupita kumuaga mama Rehema kabla ya basi lako. Nitakuwako. Sitakwenda kumpigia goti wala kumwambia pole. Mtani ana haki ya kuliomba koti tena siku ya kuanua matanga, na yeye hawezi kuninyima, ingawa najua atatamani. Nitalivaa. Nitasimama mlangoni kwa jumbe, nitakwenda mpaka kwenye mikaratusi, nitarudi. Nitamshika jumbe miguu na nitalia, na nitalia sawasawa. Kisha nitavua koti nimcheze yule kijana wa pembeni anayefungua mdomo wakati mwenzake anasema. Huyo sijawahi kumcheza mbele ya mtu.

Mama yako ameshafurahi, anasema huo ndio msamaha wenyewe. Mwache aseme. Yule Zakaria niliyewaonyesha siku ya mazishi watamsahau kabla ya mavuno, kwa sababu alikuwa mbaya tu, na wabaya tu wako wengi, hawana uso. Huyu wa kesho watakwenda naye nyumbani. Watamwonea huruma, watampenda, na kila watakapomkumbuka watakumbuka alijua thamani ya sauti yangu, na aliiua akiijua. Mkewe atalijua hilo, na wanawe watalijua. Nataka akumbukwe alivyokuwa hasa, na hakuna kisasi nilichowahi kukitaka kuliko hicho.

Na nikionekana mimi nami kuwa mtu mdogo, aliyemwibia rafiki yake hotuba, basi na ionekane. Hilo ni lako. Utafika Dar es Salaam, watakupa mstari mmoja nyuma ya mwenye mistari mingi, na utajua jinsi ya kugeuza kila sikio likusikilize wewe. Una kipaji hicho, umekipata kwangu. Fanya upendavyo. Ila ujue kwamba yule mwenye mistari mingi yuko mtoni peke yake anafanya mazoezi.

Ulisema nisije kukusindikiza, na neno lako naliheshimu, sitakuja stendi. Lakini kabla ya basi utakuwa uani kwa mama Rehema na watu wengine. Usikae nyuma na wanawake wa jikoni kama siku ile. Keti mbele, penye mwanga. Sehemu hii sijaifanyia mazoezi hata mara moja, na nataka kuwe na uso mmoja ninaoujua, hata kama umenuna.

Ni mimi baba yako, mwenye kinyongo chake chote, anayekupenda.